Jogoo akiacha kuwika: namna ya kumuuguza nyumbani

Jogoo mgonjwa hujulikana alfajiri. Mtetea anaweza kuumwa siku mbili watu wasimtambue, lakini jogoo akinyamaza nyumba nzima inajua. Kwetu Kihonda, Morogoro, ilikuwa mwisho wa masika, asubuhi ya ukungu na matope. Nilishtuka saa kumi na mbili kumekucha tayari, jogoo wangu wa aina ya kuchi hajawika hata mara moja. Nilipofungua banda wenzake walitoka mbio kama kawaida. Yeye alibaki juu ya kichanja, shingo kaizamisha ndani ya manyoya, jicho la kushoto limefumba.

Yule alipona. Kabla yake nimewahi kuzika kuku kumi na wanne katika wiki moja, na nikikumbuka nilivyowahudumia bado roho inaniuma. Ninayoandika hapa yametoka kwa huyu aliyepona na kwa wale niliowazika. Kubwa nililojifunza ni kwamba kuku wetu wengi huuawa na kiu, baridi na dawa ya kubahatisha kabla ugonjwa wenyewe haujawamaliza. Ndiyo maana dawa utaikuta hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: mtenge saa hiyo hiyo

Usisubiri uone kama atachangamka jioni. Mkamate taratibu, mkono mmoja ukiyabana mabawa yote mawili yasipigepige, mwingine ukiishika miguu, umpeleke mahali ambapo kuku wengine hawafiki na upepo wao haugongani na wake. Stoo, jiko la nje lisilotumika, au pembe ya veranda iliyozibwa vinafaa. Tenga lile la kubebea kuku linatosha, au boksi kubwa lililotobolewa pembeni. Chini tandika maranda makavu au magunia yanayofulika. Mimi napendelea gazeti au gunia jeupe kwa siku tatu za mwanzo, kwa sababu nataka kukiona kinyesi chake vizuri.

Vyombo vyake vya maji na chakula viwe vyake peke yake. Asubuhi hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe viatu. Kandambili zilizokanyaga kinyesi cha mgonjwa zikirudi bandani, kumtenga kwako kote kumekuwa bure. Usijipanguse macho ukiwa unamshika, maana kirusi cha mdondo, ugonjwa nitakaoueleza hatua ya nne, kinaweza kumwashia binadamu macho yakawa mekundu kwa siku kadhaa.

Hatua ya pili: mkague kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo

Kaa kwenye kigoda, mpakate, na usiwe na haraka. Wengi humshika kuku na kusema "ana homa, anachoma." Kuku mzima joto lake ni kama nyuzi 41 hadi 42, kwa hiyo kiganja chako kitamwona wa moto siku zote. Achana na joto, angalia mengine.

Upanga wa kichwani ukiwa umepauka, mfikirie minyoo, wadudu wanaonyonya damu au kuhara damu. Ukiwa wa zambarau, pumzi au damu haiendi vizuri, na hapo hali ni mbaya. Kwa kuchi ambaye upanga wake ni mdogo, tazama ngozi ya uso. Tazama macho, pua, kisha fungua mdomo uone kama kuna utando wa njano. Sikiliza kifua kwa kumweka sikioni: anakoroma? Anapiga chafya?

Papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Asubuhi, kabla hajala, linatakiwa kuwa tupu. Likiwa limejaa na gumu kama mpira, au linabonyea kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, chakula hakishuki, na kumshindilia kingine ni kumwongezea mzigo. Usimning'inize kichwa chini ili atapike kama wengine wanavyofanya. Maji yale huingia kwenye njia ya hewa na anakufa mikononi mwako.

Kisha pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili za ule mfupa. Ukiukuta umesimama kama makali ya kisu, ujue haumwi tangu leo. Ameanza kukonda wiki nyingi zilizopita na manyoya yamekuficha, na jogoo ana manyoya mengi.

Mfunue chini ya mabawa na kuzunguka mkundu utafute chawa na utitiri. Viroboto hukaa kuzunguka macho na kwenye upanga, wamejikita kama punje za uwele. Papasi hawakai mwilini mchana, wanajificha kwenye nyufa za banda na kumnyonya usiku, kwa hiyo kuku aliyepauka bila sababu ni ishara ya kuchunguza fito na kuta. Malizia na nyayo. Jogoo mzito anayeruka kutoka kichanja kirefu huumia chini ya mguu, na ukiona kidoa cheusi kimevimba katikati ya unyayo, huenda hicho ndicho kinachomfanya alale.

Andika ulichokiona kwenye daftari pamoja na tarehe. Kesho utafikiri umekumbuka, kumbe umesahau.

Hatua ya tatu: maji na joto

Chemsha maji, yapoe yabaki ya uvuguvugu. Katika lita 1 weka kijiko kimoja cha chai cha sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi. Usiongeze chumvi kwa kufikiri unamwongezea nguvu. Kuku hawaivumilii chumvi kama sisi. Mchanganyiko huu ni wa siku moja, jioni umwage.

Akinywa mwenyewe, mshukuru Mungu na umwache anywe. Asiponywa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Hapa ndipo watu huua kuku kwa upendo: wanamfungua mdomo na kumwagia kooni. Ukimfungua kuku mdomo utaona, nyuma kidogo ya ulimi, tundu dogo linalofumba na kufumbuka. Hiyo ndiyo njia ya hewa, iko wazi kabisa. Maji yakiingia pale yanakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kwa hiyo kichwa chake kiwe katika hali yake ya kawaida, usikiinue juu, na udondoshe tone moja pembeni mwa mdomo, pale ncha za juu na chini zinapokutana. Atalamba na kumeza. Dondosha la pili. Mililita 5 zichukue dakika mbili au tatu, kisha pumzika, urudie baada ya saa moja au mbili. Siku ya kwanza nilikaa na kuchi wangu hivi hadi magharibi, na alipopata kama nusu kikombe jicho lake la kulia lilianza kunifuata.

Kuhusu joto: chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge, imewekwa pembeni mwa boksi ili aweze kuisogelea au kuikwepa. Badilisha kila inapopoa, hasa kuanzia saa nane usiku. Balbu ya umeme inafaa pia ikiwa mbali na maranda. Jiko la mkaa usiliweke kabisa kwenye chumba kilichofungwa, maana hewa yake itamuua yeye, na ukiwa umelala humo humo itakuua na wewe.

Hatua ya nne: jua anaumwa na nini, ndipo uende dukani

Wale kumi na wanne walikufa kiangazi. Walianza wawili kuzubaa, mabawa chini, kinyesi cha kijani. Nikaenda duka la dawa za binadamu nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikavipasua na kuvimwaga kwenye maji ya kundi zima. Siku ya tatu walikuwa wanapinda shingo na kuzunguka kama wamelewa. Ulikuwa mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Mdondo unaletwa na kirusi na hauna dawa. Vidonge vile, hata ningeweka mfuko mzima, visingekigusa kirusi. Pesa ile ile ingenunua chanjo miezi miwili kabla.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: anaumwa peke yake au wanaanguka wengi kwa pamoja? Wengi wakianguka ndani ya siku mbili tatu, wana kinyesi cha kijani, wanahema kwa taabu, shingo zinapinda, au wanakufa ghafla bila kuugua, acha kuuguza. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Usiuze hata mmoja, usimgawie jirani. Na lile la kuwachinja haraka kabla hawajawa vibudu tulizungumze waziwazi: manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea yakimwagwa nyuma ya nyumba, mbwa na kunguru wanausambaza ugonjwa mtaa mzima. Waliokufa zika shimo refu, au choma moto.

Akiwa peke yake, una nafasi. Yafuatayo ndiyo ninayoyaona mara nyingi.

Mafua. Uso unavimba, hasa chini ya jicho, pua inatoa kamasi zinazoganda, jicho linafumba, anapiga chafya. Bwana mifugo alipokuja kumwona kuchi wangu hakumshika hata kidogo mwanzoni. Aliniambia, "Mama, hebu mnuse usoni." Nikamnusa. Harufu ilikuwa ya kuoza, siisahau. "Basi huyo ni mafua, si mdondo." Mafua ya aina hii yanaletwa na bakteria, kwa hiyo dawa kama oksitetrasaiklini au tailosini ya mifugo inasaidia. Pima kama lebo inavyosema, changanya upya kila asubuhi, weka kivulini, na yasiwepo maji mengine karibu. Kuku asiyekunywa hapati dozi, hivyo mnyweshe kwa bomba kama nilivyoeleza. Maliza siku zote zilizoandikwa hata akichangamka siku ya pili. Na wakati anatumia oksitetrasaiklini usimpe maziwa wala maganda ya mayai, kwa sababu chokaa iliyomo huikamata dawa tumboni isifanye kazi.

Ndui. Vipele vinavyokauka na kuwa vigaga vyeusi kwenye upanga, ndevu na kope. Hiki nacho ni kirusi, hakina dawa, lakini jogoo mzima akitunzwa anapona mwenyewe ndani ya wiki tatu nne. Usibandue vigaga, vipake ayodini ili bakteria wasiingie, na mwepushe na mbu kwa kipande cha chandarua, maana mbu ndio wanaoueneza. Kazi kubwa ni kuhakikisha macho hayazibi, kwa kuwa asiyeona hali. Ikiwa utando umeota ndani ya mdomo na anahema kwa shida, hiyo ni ndui mbaya zaidi, mwite mtaalamu.

Minyoo na kuhara damu. Aliyekonda kidari, upanga umepauka, anakula lakini hanenepi: mpe dawa ya minyoo kama piperazini, kwa uzito wake, na urudie kama lebo inavyoelekeza. Kinyesi chenye damu humpata zaidi kifaranga na kuku mchanga. Dawa yake ni ampuroliamu au zile za salfa. Kama unaweza, peleka kinyesi kibichi kipimwe. Hapa Morogoro tuna bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Mikoa mingine pana maabara za TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Wadudu. Viroboto vya usoni wapake mafuta mazito ya mgando, watakosa hewa na kuachia wenyewe. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ioshe kwa maji ya sabuni, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha paka mafuta hayo hayo kila baada ya siku tatu. Mafuta ya taa wanayotumia wengi huunguza ngozi. Sumu ya kuulia wadudu wa mimea kamwe usimpake kuku.

Nitaulizwa kuhusu mwarobaini, shubiri mwitu na pilipili. Bibi yangu alitumia shubiri kwenye maji na mimi nimewahi kuitumia. Sitamkataza mtu, lakini nimeona kuku mwenye mdondo akinyweshwa shubiri hadi akafa nayo mdomoni. Isiwe sababu ya kuchelewa kumwita mtaalamu.

Hatua ya tano: kusafisha uso na vidonda

Kwa mgonjwa wa mafua hii ina uzito sawa na dawa. Chemsha maji kikombe kimoja na chumvi ncha ya kijiko, yapoe. Mviringishe jogoo kwenye taulo au khanga, kichwa pekee kibaki nje, mabawa yamebanwa. Atatulia haraka kuliko unavyodhani, hasa ukimfunika jicho lile zima.

Lowesha pamba, iweke juu ya jicho lililoganda, uhesabu hadi sitini. Usivute. Badilisha pamba, rudia, mpaka ukoko ulainike na kope ziachane zenyewe. Siku ya tatu, kope za kuchi wangu zilipoachana, niliona ndani kitu cheupe kilichojaa, nikadhani jicho limeharibika. Ulikuwa usaha ulioganda, mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa. Nilibonyeza polepole chini ya jicho kwa kidole kilichofungwa pamba, ukasogea, ukachomoka mzima, mkubwa kama punje ya mahindi. Chini yake jicho lilikuwepo, jekundu lakini linaona. Nililia, sioni aibu kulisema. Baada ya hapo weka dawa ya macho ya mifugo uliyoelekezwa, mara mbili au tatu kwa siku. Usaha usiposogea kwa kubonyeza kidogo usichokoe, mwachie daktari.

Pua nazo zifute, maana tundu lililoziba linamfanya ahemee mdomo na asile. Pamba zote zilizotumika choma. Kidonda cha unyayo kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika kumi, kikaushe, paka ayodini, funga kwa bandeji safi, na ushushe kichanja.

Hatua ya sita: chakula

Usimpe mahindi makavu. Firigisi la mgonjwa halina nguvu ya kusaga. Mimi hupika uji wa dona mzito kidogo, napondea yai lililochemshwa bila ganda na dagaa waliosagwa kiganja kimoja, navipooza. Namchovya ncha ya mdomo kidogo sana, basi. Akilamba mara ya kwanza atarudia mwenyewe. Kidogo mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko bakuli linalochacha. Mchicha uliokatwakatwa humfurahisha, na jogoo aliyekataa kila kitu mara nyingine hushindwa kuuacha mchwa. Mtoto akikuletea mchwa kwenye kifuu, wapokee.

Kila asubuhi papasa gole kabla ya kumlisha. Likiwa tupu, endelea. Tazama na kinyesi: kahawia chenye kofia nyeupe ni cha uzima. Kijani kibichi kwa kuku asiyekula kinaweza kuwa njaa tu, usitishike nacho peke yake.

Ukifika siku ya tatu hali wala hanywi, hasimami, na dawa sahihi ameshapewa, mpumzishe. Mchinje kwa heshima na umzike. Nyama yake usile, ana dawa mwilini. Hata aliyepona, usimle mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe.

Hatua ya saba: kumrudisha

Akichangamka usimwachie siku hiyo hiyo. Mwache kwenye tenga wiki mbili tangu dalili ya mwisho. Wakati huo ondoa maranda yote bandani, choma, osha kuta kwa sabuni, ziba nyufa, acha jua liingie. Ndio muda wa kuwachanja waliobaki wazima pia: chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Mgonjwa usimchanje kwanza, na usitegemee chanjo imwokoe aliyekwisha ambukizwa.

Siku tano za mwisho weka tenga katikati ya uwanja ili waonane bila kugusana. Jogoo aliyeugua amepungua uzito, na kijana aliyeshika nafasi yake hatamwachia kirahisi. Mwingize bandani usiku, wenzake wakiwa wamelala, na asubuhi uwepo. Wakishikana hadi damu, mrudishe tengani wiki nyingine ale anenepe.

Kwa aliyepona mafua kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji mnadani hawatakuambia. Anaweza kuendelea kuwabeba bakteria wale mwilini maisha yake yote akiwa mzima kabisa, na akapeleka ugonjwa kwa kundi geni. Kwa hiyo usimuuze kama jogoo wa mbegu, usimwazime kwa jirani anayetaka kupandisha mitetea yake, na vifaranga wapya uliowanunua usiwachanganye naye.

Kuchi wangu aliwika siku ya tisa, saa kumi na moja kasoro, sauti imekwaruza na imekatika katikati. Nilitoka na tochi nikamkuta amesimama wima ndani ya tenga, kichwa kimegusa ufito wa juu. Nilimwongezea maji, nikamwacha humo humo hadi wiki mbili zilipotimia.